Mwashi wa Dohani

Mwashi hakuwa mtu wa kubisha hodi na kungoja. Aliingia nyumbani kwa mtu, akawapita waliokaa, akaenda moja kwa moja hadi penye moto, akapiga magoti na kuingiza kichwa ndani kutazama juu. Alipokitoa, kofia imejaa masizi, ndipo alipokumbuka kwamba nyumba ina wenyewe. Hata hapo hakuuliza habari za asubuhi wala za watoto. Aliuliza, "Inavuta?"

Alimaanisha dohani, au chimni kama tulivyoiita sisi. Alitaka kujua kama moshi unapanda au unarudi ndani. Ukimjibu kwamba inavuta, hakukuamini, alirudi kutazama tena. Ukimjibu kwamba haivuti, alikutukana kwanza. Umechoma kuni mbichi, umechoma takataka, umelelewa wapi wewe. Akishamaliza kukutukana alivua koti, akapanda juu ya paa bila kuombwa, na jioni hiyo moto wako uliwaka vizuri kuliko wa jirani.

Nilimjua miaka mingi na mpaka leo sijui kwao ni wapi. Hakuna aliyejua. Kiswahili chake kilikuwa cha mjengo, alichookota kwa Kalasinga, fundi wa Kihindi aliyemfundisha kazi, na ukimuuliza ukoo wake alikwambia, "Mimi ni wa mawe." Alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na mama wa huyo mtoto hakuwahi kumtaja mbele yangu. Ninachokijua bila shaka ni kwamba katika miaka yake ya mwisho kitu kimoja tu ndicho alichokitaka hapa duniani: mwanawe aingie nyumbani kwake na aketi kitini. Mengine yote yalikuwa yamemtoka.

Tulikuwa huku juu, upande wa Molo, ambako mwezi wa saba ukungu hukaa mpaka mchana na nguo hushinda kambani siku nzima zikirudi na maji yake. Baada ya uhuru mzungu mwenye shamba aliuza akaenda zake, nasi tukalinunua kwa kuchangishana, familia kadhaa zisizojuana. Ardhi tuliigawana kwa kamba. Nyumba yake ya mawe haikugawanyika kwa kamba, kwa hiyo tukaigawana kwa vyumba, kwa kura. Wengine wakapata vyumba vya kulala vyenye sakafu ya mbao na meko ya mawe yaliyochongwa ukutani. Mimi na mume wangu, baba Njeri, tukapata jikoni. Wanawake wenzangu walinicheka hadi wakashika mbavu, kwa sababu jiko lile lilikuwa jeusi kuta hadi dari.

Lakini ndani yake mlikuwa na stovu. Ilikuwa ya chuma kile kizito cha kumiminwa, kisichopindika, ambacho kikipatwa na maji kikiwa moto hupasuka kama chungu. Ilikuwa na mlango wa kuni, mlango wa kuokea mikate, mlango mdogo wa majivu, na bomba lililoingia kwenye dohani yake peke yake. Mwashi ndiye aliyeipandisha pale zamani, yeye na Kalasinga wake, na siku tuliyohamia alikuja kuisalimu stovu kabla yangu. Alinikuta nikiisugua kwa kitambaa kilichochovywa majini, moto ukiwa ndani.

"Wewe mama! Unataka kuiua?"

"Naisafisha, mzee."

"Hii si sufuria. Hii ukiimwagia maji ikiwa moto inalia mara moja, halafu imekwisha. Leta majivu. Leta chumvi."

Palikuwa tayari na ufa ubavuni. Alikanda majivu na chumvi na maji kidogo, akaupaka kwa kidole gumba, akaniambia niwashe moto mdogo tu hadi ukauke. Ufa ule haukufunguka tena kwa muda wote nilioishi katika nyumba ile. Tangu siku hiyo nikawa nimepata mgeni wa kila jioni. Alikaa kwenye sanduku la kuni, akanywa chai yangu, akakosoa kuni zangu, na kunisimulia nyumba zote alizojenga kutoka Njoro hadi Mau Summit, kila nyumba kwa dohani yake. Sura za wenye nyumba hizo alikuwa amezisahau. Aliwachukia wale wazungu, aliwataja kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, na papo hapo angeweza kukaa kimya akitabasamu kwa kukumbuka jinsi moshi ulivyopanda wima nyumbani kwa fulani.

Naye alikuwa amechanga kama sisi, lakini alikataa chumba katika nyumba kubwa. Kura yake alimpa mwanawe, ambaye alipata chumba cha katikati, naye mwenyewe akaenda kuishi katika kijumba cha matofali nyuma, ambamo zamani yaliwekwa matandiko ya farasi. Humo hamkuwa na meko wala dohani. Yeye aliyejenga moto wa watu wote alijipikia kwa mafiga matatu nje ya mlango, mvua ikinyesha akalala na njaa. Nilipomuuliza kwa nini asijijengee, alinitazama kana kwamba nimemuuliza kwa nini asiote mkia.

Hakuwa mtu mzuri, nisije nikamtia chumvi kwa kuwa amekufa. Alikuwa na mdomo mchafu na kiburi kisichokuwa na breki. Alimnyima mwanawe sifa hadi kijana akaacha kuzitafuta. Lakini alikuwa hawezi kufanya kazi mbovu. Hata ukimpa kazi ambayo mwenyewe haitaki, mkono wake ulikataa kuifanya vibaya, na hilo ndilo lililotuletea maafa.

Meko ya vyumba vile yalipeana mgongo, mawili mawili, na kila mawili yalitumia dohani moja. Mzungu hakuona ubaya, nyumba nzima ilikuwa yake. Sisi tulikuwa familia na familia. Haukupita muda tukagundua kwamba dohani haibebi moshi peke yake. Mama Kamau alisema neno na mumewe kitandani, kesho yake akalikuta kwenye tangi la maji limemtangulia. Mwingine alisikia jinsi jirani alivyomwita mumewe mlevi asiye na faida. Watu wakaanza kuzima moto mapema ili waweke sikio. Siku ile wanawake wawili walipopigana kwa miiko pale verandani, waume wao wakiwatazama kama wamemwagiwa maji, kikao kikaitwa.

Wote walikubaliana, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Meko yazibwe. Mimi sikuulizwa, stovu yangu ilikuwa na dohani yake na hakuna aliyesikia ya kwangu. Mwashi akaitwa, naye akakataa.

"Nyumba bila chimni ni sanduku," alisema. "Mkijaa moshi mtanikujia mkilia."

"Moshi gani, mzee?" akauliza baba Kamau. "Kuni ziko wapi? Tumeshachoma hata nguzo za ua. Sisi siku hizi ni makaa."

Ilikuwa kweli. Wachomaji walishusha magunia kutoka msitu wa Mau, na kila nyumba ilikuwa na jiko dogo la bati kutoka Nakuru. Mwashi akajikuna kidevu. Nilikuwa nimesimama pale na nilimsikia kwa masikio yangu.

"Kama ni makaa, sawa," akasema. "Makaa haina moshi."

Wengi wetu tulikuwa tumezaliwa katika nyumba za nyasi, ambamo moto huwaka katikati mchana kutwa na moshi ukajitafutia njia katika paa. Adui tuliyemjua alikuwa moshi. Alituumiza macho, alitukohoza, tulimwona akija. Makaa yalikuwa mekundu, safi, kimya, kwa hiyo tuliyapenda kama mtu aliyestaarabika. Naye Mwashi, aliyejua kila tabia ya moshi, alikuwa hajui lolote juu ya moto usio nao, maana wazungu wake walichoma magogo. Alijua sana upande mmoja, na huo mwingine hakuwahi kuufikiria.

Akaziba. Angekuwa fundi mbovu pengine pangebaki upenyo wa kidole. Alipanga mawe, akakandika kwa udongo, akalainisha kwa chokaa hadi usingeweza kuona palikuwa na nini. Alipomaliza chumba cha mwanawe, alipitisha mshumaa ukutani kutafuta upepo. Mwali haukutikisika, naye akaridhika.

Mwanawe wakati huo alikuwa hajaoa. Alipooa alituletea Wambui, msichana mpole mwenye meno ya kucheka, ambaye alimweza mkwewe kuliko sisi sote kwa sababu hakuogopa matusi. Lakini palikuwa na mpaka. Kwa desturi waliyoifuata, baba mkwe haingii chumba cha mkaza mwanawe. Mwashi aliyeingiza kichwa katika kila moto wa wilaya hii hakukanyaga tena chumba cha katikati tangu Wambui alipofika. Aliuliza habari zake akiwa amesimama nje, uso ameugeuzia mlima.

Kijana akapata kazi ya gereji Nakuru, akawa anarudi mwisho wa mwezi. Wambui akajifungua mwezi wa saba, mtoto wa kike, na baridi ya mwaka ule ilikuwa ya kuua kondoo. Mzazi hukaa ndani na mtoto wake na hukaa penye joto, ndivyo tulivyojua. Mwashi akapanda lori hadi Nakuru, akarudi na jiko jipya la bati, kubwa kuliko yote yaliyokuwa pale nyumbani. Aliliwasha mwenyewe uani, akalipepea hadi makaa yote yakashika na moshi wa mwanzo ukaisha kabisa. Alikuwa mwangalifu hivyo. Kisha akalibeba hadi mlangoni pa Wambui, akaliweka chini, akageuza uso.

"Mama mtoto," akaita. "Moto yako iko hapa. Weka gunia chini ya mlango, baridi isiingie."

"Asante, baba," Wambui akajibu kutoka ndani. "Leo tutalala kama wazungu."

Mzee alicheka akienda. Alipita kwangu kunywa chai, na jioni ile hakukosoa kuni zangu.

Asubuhi hatukumsikia mtoto. Mama Kamau aligonga mlango, akaita, akaja kuniita mimi. Tuliusukuma, ukakwama kwenye gunia, tukausukuma tena. Walikuwa wamelala vizuri, Wambui amemkumbatia mtoto, mashavu mekundu kama ya watu wenye afya. Jiko lilikuwa na majivu meupe. Hapakuwa na harufu, hapakuwa na masizi hata kidogo ukutani. Nilimgusa Wambui shingo nikajua, na bado nilimwita jina lake mara nyingi, sijui kwa nini.

Askari waliokuja kutoka Molo walitazama jiko, wakatazama ukuta, na mmoja wao akasema tu, "Ni hewa ya makaa. Hii nyumba haina tundu." Ndivyo tulivyojifunza.

Mwashi alisimama nje ya kizingiti tangu asubuhi hadi mwanawe alipofika kutoka Nakuru, na hakuvuka. Hata siku ile desturi ilimshika miguu. Mwanawe alimkuta amesimama hivyo, mikono mfukoni, akadhani ni ukavu wa moyo. Nilitaka kumwambia sivyo, lakini hapakuwa na mahali pa kuingiza neno.

"Ni wewe ulifunga hapa?" kijana akauliza.

"Ni mimi nilifunga. Na jiko ni mimi nilileta."

Watu wote waliomwomba azibe walikuwa pale uani, baba Kamau na wengine, wakitazama vidole vya miguu yao. Mwashi aliyekuwa na neno la kumwambia kila mtu hakuwageukia kusema "mliniambia". Hakulisema siku ile wala nyingine yoyote, na wao, Mungu awasamehe, walimwachia mzigo wote. Kufika matanga, kila mmoja alikuwa akisema yule mzee ndiye aliyeua.

Miili ilipotolewa, aliingia. Alipiga magoti mbele ya ukuta ule mweupe alioulainisha mwenyewe, akaanza kuuchimba kwa vidole. Nilimpelekea nyundo, hakuiona. Alipofungua tundu la kutosha, aliingiza kichwa na kutazama juu kwa muda mrefu. Alipokitoa hakuuliza kama inavuta.

Makaburini alimnyooshea mwanawe mkono. Mwanawe aliupita kama mtu anavyopita tawi lililoanguka njiani. Tangu hapo kijana alikuja nyumbani kutazama kaburi tu, akanisalimu mimi, akala nilichompa, na kurudi Nakuru bila kukanyaga upande wa nyuma uliokuwa na kijumba cha baba yake. Kila alipokuja, Mwashi alikaa mlangoni pake, amenawa uso, akingoja.

Baada ya hapo Mwashi alishikwa na kitu ambacho wengine walikiita wazimu. Alifungua meko yote ya nyumba yetu, watake wasitake, maneno yakaanza tena kupita dohanini na hakuna aliyethubutu kulalamika. Kisha akaenda mashamba mengine. Nyumba za wazungu zilikuwa zimegeuka shule, ghala, makao ya familia kumi, na kila mahali watu walikuwa wameziba dohani kwa magunia, kwa sababu ya nyuki, au popo, au upepo tu. Alipanda mapaa akazizibua. Huko Elburgon alifukuzwa kwa mbwa. Kule Njoro mwalimu mmoja alimwita mwizi wa mabati, naye akalala ndani, kituo cha polisi. Aliendelea mpaka alipoanguka kutoka kwenye paa na nyonga ikakataa.

Kwangu aliacha kukaa. Alikuja jioni, akasimama karibu na mlango, mbali na stovu, nikimpa chai anainywa akiwa amesimama. Nikimwambia sogea uote moto, alisema, "Iko sawa hapa." Baadaye hata hilo akaacha.

Yeye ndiye aliyekuwa akija kwangu, mimi sikuwa na safari ya huko nyuma, kwa hiyo sikukaribia kijumba chake hadi mwaka ule aliougua kifua. Nilimpelekea uji. Nilidhani nimekosea mlango. Alikuwa ametoa matofali ukutani, moja hapa, moja pale, pande zote, juu na chini, hata nyuma ya kitanda. Ukungu uliingia upande mmoja na kutokea mwingine. Mafiga ya nje yalikuwa yameota nyasi. Alikuwa hajawasha moto tangu siku ile ya Wambui, alikula viazi vya kuombaomba vilivyopoa. Kando ya kitanda palikuwa na kiti kizuri cha mti wa mwerezi, kimepanguswa vumbi. Nilitaka kukikalia.

"Hiyo iko na mwenyewe, mama Njeri," akasema.

"Mzee, utakufa na baridi. Nizibe haya mashimo na matambara, hata usiku tu."

"Usiguse!" Alipiga kelele hadi akakohoa. Akatulia. "Yeye akikuja, nataka aone kuna hewa. Ataogopa kuingia kama hakuna hewa."

Nilirudi kwangu nikalia nikichochea stovu, na hasira nilizokuwa nazo hazikuwa na wa kumtupia. Siku ya kupeleka viazi Nakuru niliacha magunia sokoni, nikaenda gereji. Kijana alikuwa chini ya lori. Alitoka, akapangusa mikono kwa tambara, kila kidole peke yake.

"Mzee wako anaenda," nikamwambia. "Mimi sikuambii umsamehe. Nakwambia anaenda."

"Sawa, mama," akasema, akarudi chini ya lori.

Alikuja Jumamosi. Nilikuwa nikimlisha mzee uji nilipoona kivuli mlangoni. Alikuwa amevaa koti zito la mjini na mikono ameificha. Mwashi alimwona, akaacha mdomo wazi na uji ukamtiririka kidevuni. Kijana alitazama kiti, akatazama ukuta, halafu akaondoka mlangoni, nami nikadhani amekwenda na hatarudi tena.

Kisha nikauona mkono wake ukiingia katika tundu lililo karibu na kichwa cha mzee. Ulikaa hapo kidogo, ukatoka. Ukaingia katika tundu la pili.

"Anafanya nini huko nje?" Mwashi akaninong'oneza. Macho yake hayakuwa yakiona vizuri tena.

"Anaweka mkono kwa mashimo, mzee."

"Yote?"

"Moja moja. Anazunguka."

Akafumba macho. Tulisikiliza viatu vikizunguka kijumba kwenye nyasi mbichi hadi vikafika tena mlangoni.

"Baba," kijana akasema. Sauti yake ilikuwa nzito kama ya mtu aliyeamshwa. "Hii baridi itakuua."

"Afadhali baridi," mzee akasema. "Baridi unaisikia ikikuja."

Kijana alisimama hapo, paji la uso ameliegemeza kwenye fremu ya mlango. Kisha akainama, akaingia, akaketi kwenye kile kiti. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi ardhini na upepo ulipita katikati yetu kama tumekaa barabarani. Meno ya mzee yaligongana, na yangu pia. Tulikaa hapo watatu tukitetemeka mpaka giza likaingia, na hakuna aliyesema tuwashe moto.